Sura ya Sita: Matairi Yaliyokuja na Gari

Gari likishatoka bandarini Dar es Salaam au Mombasa, likaoshwa na kuegeshwa uani, mwenye gari hulizunguka mara mbili tatu. Hufungua boneti, huwasha taa, kisha huinama kwenye magurudumu. Hapo ndipo linapozaliwa swali ninaloletewa kuliko mengine yote: "Gari langu limekuja kutoka Japani na matairi bado mapya kabisa. Kashata zake nene, na ubavuni pamechorwa mlima wenye alama ya theluji. Si ndiyo haya ya porini? Niyaache?"

Jibu langu ni fupi: yatoe. Sababu zake ndizo zinazohitaji sura nzima, kwa sababu ukizielewa utaweza kujichagulia matairi ya gari lolote la juu, iwe Prado, Hilux au Land Cruiser ya mradi, na kwa ardhi yoyote.

Nami niliwahi kuyaacha. Prado yangu ilikuja na matairi ya namna hiyo, na aliyeniuzia akanihakikishia kuwa hayo ni ya kazi ngumu. Mwezi wa nne, masika yakiwa yamekolea, nikakunja kulia kutoka barabara ya Morogoro–Dodoma nikielekea kwenye mashamba ya mpunga ya Dakawa. Ardhi ya pale ni ule udongo mweusi wa mbuga: ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza mkono, ukilowa hunata kuliko ugali uliokosa kusongwa. Sikumaliza mita mia mbili. Kashata zote zilikuwa zimejaa, matairi yamekuwa mviringo laini kama maandazi meusi, na gari linateleza ubavu kuelekea mtaroni huku magurudumu yote manne yakizunguka. Vijana wa pale walinitoa kwa majembe na mabua ya mpunga, kazi ya saa tatu. Mmoja wao, aliyekuwa fundi pancha, alikwangua tope ubavuni mwa tairi, akaona ule mlima uliochorwa, akasema, "Mzee, hili ni la barafu. Hapa halina kazi."

Alikuwa na haki, na nilimlipa kwa furaha zaidi kuliko nilivyowahi kumlipa mshauri yeyote wa magari.

Theluji hushikwa, tope hutupwa

Kabla ya kwenda mbele, tuelewane majina. Kashata ni vile vinundu vya mpira vinavyokanyaga ardhi. Kati ya kashata na kashata kuna mifereji. Na juu ya kashata zenyewe, katika baadhi ya matairi, kuna mikato myembamba sana kama iliyochorwa kwa wembe. Hiyo nitaiita chale, kwa kuwa inafanana nazo.

Chukua theluji mkononi uikandamize. Inashikamana, inakuwa donge. Ndiyo maana watoto wa nchi za baridi wanaweza kurushiana madonge ya theluji. Theluji hushikana na theluji nyenzake vizuri kuliko inavyoshikana na mpira. Waliobuni matairi ya baridi walilitumia jambo hili: mifereji na chale za tairi hilo zimetengenezwa ziibane theluji na kuishikilia, ili theluji iliyo ndani ya tairi ingate ile iliyo barabarani. Tairi la theluji likijaa theluji linafanya kazi yake.

Tope ni kinyume chake. Tope likijaa kwenye mifereji, tairi limekuwa kipara hata kama ni jipya. Kwa hiyo tairi la tope linahitaji kashata kubwa zilizoachana sana, na mifereji mipana inayotokeza hadi kwenye bega la tairi, ili gurudumu likizunguka tope lirushwe nje na kashata irudi chini ikiwa safi. Linatema. Ukimfuata mtu mwenye tairi zuri la tope utalijua kwa kioo chako cha mbele kinavyochafuka.

Matairi mawili, basi, yanayofanana kwa mbali dukani, yametengenezwa kwa makusudi yanayopingana. Moja limeundwa libane, jingine limeundwa liteme. Hili ndilo lililonikwamisha Dakawa, na ndilo linalowakwamisha watu kila masika wakiwa na imani kamili na magari yao.

Tairi la kwanza la theluji kuuzwa duniani, lile lililotengenezwa Ufini mwaka 1934 na kampuni ambayo leo inaitwa Nokian Tyres, halikuwa la magari madogo. Lilikuwa la malori. Barabara za Ufini hazikuwa zikiondolewa theluji kama siku hizi, na mizigo ilipaswa kufika. Miaka miwili baadaye wakatoa tairi la magari madogo. Toka mwanzo tairi hili lilikuwa jawabu la ardhi ya mahali fulani, kama jembe la palizi lilivyo jawabu la magugu. Ukilihamisha mahali, limepoteza kazi yake.

Mpira nao una hali ya hewa yake

Umbo la kashata ni nusu ya habari. Nusu ya pili haionekani kwa macho: ni mpira wenyewe.

Mpira wa tairi la kawaida ukipoa sana hukakamaa. Watengenezaji wengi huweka mpaka kwenye nyuzi joto 7 za Selsiasi. Chini ya hapo tairi la kawaida huanza kuwa gumu na kupoteza mshiko hata kwenye lami kavu. Tairi la baridi huchanganywa kwa namna nyingine, likiwa na silika nyingi zaidi (silika ni unga wa madini ya jamii ya mchanga) na viungo vinavyoufanya mpira ubaki laini hata nje kukiwa nyuzi 20 chini ya sifuri.

Wajapani walilazimika kuuboresha sana mpira huu. Zamani madereva wa Hokkaido na kaskazini mwa nchi walitumia matairi yenye misumari midogo ya chuma. Misumari ile ilichimba lami, na vumbi lake likawasumbua wakazi wa miji kama Sapporo na Sendai, hadi mwaka 1990 ikatungwa sheria ya kuyazuia. Nafasi ikachukuliwa na tairi lisilo na misumari, lenye mpira laini na chale nyingi. Bridgestone ilikuwa imeshatoa lake, Blizzak, mwaka 1988, ambalo mpira wake una vitundu vidogo mno vinavyofyonza ule utando wa maji juu ya barafu. Utando huo ndio hasa unaoteleza.

Sasa lichukue tairi hilo, lililolainishwa kwa ajili ya Sapporo mwezi wa kwanza, ulikimbize kilomita 100 kwa saa kwenye lami ya Chalinze saa nane mchana. Mpira uliotakiwa kuwa laini kwenye barafu sasa umelegea. Gari linayumba ukikata kona, kana kwamba kuna kitu kati yako na barabara. Ukikanyaga breki kashata zinapinda kabla ya kushika, na gari linakwenda mbele zaidi ya ulivyotarajia. Mvua ikinyesha ndiyo mbaya zaidi. Kisha matairi yenyewe yanalika haraka. Mwenye gari husema "matairi ya Wajapani hayadumu", wakati Mjapani alitengeneza kitu kizuri sana kwa ajili ya nyumbani kwake.

Wasomaji wa Makete na Njombe huniuliza: je, kwetu ambako kuna sakitu mwezi wa sita na wa saba? Hata kwenu hapana. Alfajiri ni kweli baridi inashuka chini ya zile nyuzi 7, lakini jua likipanda lami inapata joto, na miezi iliyobaki tatizo lenu ni utelezi wa matope ya mlimani. Chagueni tairi la matope ya mlimani.

Kwa kifupi hadi hapa: tairi la theluji hubana kile linachokanyaga na mpira wake ni laini, tairi la tope hutema kile linachokanyaga na mpira wake unavumilia joto na mawe. Si ndugu hata kidogo.

Kusoma ubavu wa tairi

Usinunue tairi kwa kuangalia kashata tu. Kila kitu kimeandikwa ubavuni, na dakika tano za kuchuchumaa zinatosha. Tutumie mfano wa saizi inayopatikana kwenye Prado na Hilux nyingi: 265/65R17 112S.

- 265 ni upana wa tairi kwa milimita.
- 65 ni kimo cha ubavu, kwa asilimia ya upana huo. Hapa ni kama milimita 172.
- R17 maana yake tairi la nyuzi zinazokwenda kutoka ubavu hadi ubavu, kwa rimu ya inchi 17.
- 112 ni namba ya mzigo. Si kilo 112. Ni namba ya jedwali, na maana yake tairi moja hubeba kilo 1,120.
- S ni mwendo wa juu, kilomita 180 kwa saa. Matairi mengi ya theluji kutoka Japani yana herufi Q, yaani 160.

Herufi LT mwanzoni mwa saizi huonyesha tairi la kubeba mzigo: ubavu wake una nguvu zaidi, na ndilo mafundi hulitaja kwa plai, "plai nane" au "plai kumi". Anayepakia magunia kwenye pikapu kila wiki anahitaji hilo. Anayepeleka watoto shule kwa RAV4 hahitaji. Atapata gari gumu linaloruka kwenye kila tuta.

Kisha kuna alama za theluji. M+S ni tamko la mtengenezaji kwamba mifereji ya tairi inafaa kwa tope na theluji. Haimaanishi tairi limepimwa popote, na utaiona hata kwenye matairi ya kawaida ya magari ya juu. Mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake ni alama nzito zaidi: tairi lenye alama hiyo limejaribiwa kwenye theluji likafaulu. Matairi ya Japani mara nyingi huwa pia na neno STUDLESS, yaani lisilo na misumari. Ukiliona neno hilo kwenye gari uliloagiza, umeshapata jibu la swali lako.

Na tarehe. Tafuta herufi DOT, ufuate mpaka namba nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji wengi wanashauri tairi likaguliwe kila mwaka likishapita miaka mitano au sita, na lisitumike baada ya miaka 10 hata likiwa na kashata nene. Jua letu huukausha mpira. Ukiona nyufa nyembamba ubavuni kama za kisigino cha mkulima wa kiangazi, liache hapohapo dukani.

Ardhi yako ya kila siku

Maduka yatakutajia aina tatu. H/T ni tairi la barabara kuu: kimya, linabana mafuta, linashika lami vizuri, likiingia matopeni limekwisha. M/T ni la tope, lenye kashata kubwa nilizozieleza. A/T liko katikati, la lami na vumbi na tope la wastani.

Vijana wengi huvutiwa na M/T kwa sura yake, nami nawaelewa, kwa kuwa gari linapendeza. Lakini nataka msomaji ajue gharama yake kabla ya kulipa. M/T hunguruma kwenye lami hadi mazungumzo ya safari yawe ya kupaza sauti. Hula mafuta zaidi. Na kwa sababu kashata zake ni chache na zimeachana, mpira unaogusa lami ni mdogo, hivyo kwenye lami iliyolowa breki yake ni ndefu kuliko ya A/T. Mtu anayeishi Mwanza, anayefanya kazi Mwanza, na anayekwenda kijijini mara mbili kwa mwaka, anajiweka hatarini siku zote nyingine kwa ajili ya siku hizo mbili.

Ninavyoshauri mimi: hesabu kilomita zako za mwaka mzima, wala usihesabu safari ngumu uliyoikumbuka zaidi. Kama robo tatu ni lami na zilizobaki ni barabara ya vumbi, chukua A/T nzuri na minyororo ya matairi uiweke nyuma ya gari kwa masika. Minyororo hiyo, iliyobuniwa kwa theluji, ni kifaa kimoja cha nchi za baridi kinachofanya kazi kwenye udongo wetu mweusi, kwa kuwa inachimba na tope halina pa kung'ang'ania. M/T wapewe wanaoishi ndani ya tope: magari ya mashamba bondeni Kilombero, ya mbao, ya uokoaji hifadhini.

Mawe ni habari nyingine. Njia ya kwenda Ziwa Natron, au ile ya Loiyangalani pembezoni mwa Ziwa Turkana, ina mawe ya volkeno yenye makali. Huko kashata hazikuokoi; kinachochanika ni ubavu, na ubavu uliochanika hauzibiki kama pancha. Tafuta ubavu wenye tabaka nyingi, upunguze mwendo, na ubebe spea mbili.

Jambo jingine linalosahaulika ni saizi. Ukitoka 265/65R17 kwenda 265/70R17 tairi linakua kipenyo kutoka kama milimita 776 hadi 803. Spidomita ikisema 100, wewe uko kwenye 103. Hilo ni dogo. Kubwa ni kuchanganya: tairi moja refu na jingine fupi kwenye gari linalovuta magurudumu yote manne muda wote hulazimisha difu ifanye kazi bila kupumzika hadi iungue. Spea iwe saizi ileile, na nne zilizo chini ziwe zimelika kwa kiasi kinachokaribiana.

Upepo

Kama ningeruhusiwa ushauri mmoja tu katika sura hii, ungekuwa kununua geji na pampu ndogo ya umeme wa gari kabla ya kununua matairi ya kifahari. Tairi la wastani lenye upepo sahihi hupita mahali ambapo tairi ghali lenye upepo wa lami huzama.

Upepo hupimwa kwa psi. Fundi akisema "thelathini na mbili" ndiyo hiyo. Kiwango cha gari lako kiko kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya fremu ya mlango wa dereva. Ukipunguza upepo, tairi hulala na alama yake ardhini hurefuka, uzito wa gari ukatawanyika, kama mtu anayetembea kwenye mchanga pekupeku badala ya viatu vya kisigino. Kwa gari lisilo na mzigo mkubwa, mimi hushuka hivi:

- barabara ya vumbi yenye mawimbi: karibu 26 hadi 28;
- tope: 22 hadi 25;
- mchanga mzito wa korongo au ufukwe: 16 hadi 20.

Chini ya hapo tairi linaweza kutoka kwenye rimu ukikata kona. Mwendo nao ushuke pamoja na upepo, na kabla ya kurudi lamini jaza upya. Tairi lenye upepo mdogo likikimbia kwenye lami hupata joto ndani ya ubavu na kupasuka, na wengi hupata ajali wakiwa wameshatoka matatizoni, wakiwahi nyumbani.

Kwa ndugu walioko kwenye baridi yenyewe

Sura hii inasomwa pia Minnesota, Ontario, Montreal na miji ya Ujerumani, na huko maswali hugeuka. Aliyekulia Kigoma akinunua pikapu yake ya kwanza Marekani huambiwa na wenzake kwamba kwa kuwa inavuta magurudumu yote manne, ametosheka. Hajatosheka. Kuvuta kwa magurudumu manne humsaidia kuondoka taa zikiwaka kijani. Kusimama taa zikiwa nyekundu kunategemea tairi tu, kwa sababu kila gari lina breki kwenye magurudumu manne. Ndiyo maana majira ya baridi utaona magari makubwa ya juu mtaroni: yaliweza kuushika mwendo na hayakuweza kuuacha.

Huko tairi la mlima na chembe ya theluji ndilo lako, manne yote. Ukifunga mawili mbele tu, mkia wa gari utateleza na kutaka kukupita kwenye kona. M/T usilipeleke kwenye barafu, hata kama lilikufaa matopeni, kwani kashata zake kubwa hazina chale za kutosha. Quebec sheria inataka matairi ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi. Ujerumani, tangu Oktoba 2024, tairi lenye M+S peke yake halihesabiwi tena kuwa la baridi. Linatakiwa lenye mlima. Na upepo ukague mara kwa mara, kwa sababu kila joto linaposhuka nyuzi 10 tairi hupoteza karibu psi 2 bila pancha yoyote.

Tairi la theluji hustaafu mapema kuliko mengine. Sehemu nyingi husema mwisho wa kashata ni milimita 1.6, ila kwa theluji kina hicho ni kidogo mno; Austria hudai angalau milimita 4. Matairi ya Japani yana vituta viwili ndani ya mifereji: kimoja huonyeshwa kwa mshale ubavuni na hufikiwa katikati ya uhai wa kashata, maana yake kazi ya theluji imekwisha, kingine, chenye pembetatu, maana yake tairi lenyewe limekwisha.

Wajapani wengi huyatoa matairi yao mshale unapofikiwa. Gari likija kwetu na matairi ambayo kituta cha mshale kimeshagusana na kashata, ujue Hokkaido yalishakataliwa kabla ya kupakiwa melini. Muulize muuzaji juu ya hilo kabla hamjafika kwenye bei. Gharama ya matairi manne ni pesa ya kutosha kurudisha mazungumzo mwanzo.